Mtunzi wa Nane

Ngwa! Ngwa! Ngwa!

Chuma juu ya bati. Kimya kidogo. Halafu tena: ngwa! ngwa!

Wiki jana, msomaji, uliniacha uvunguni mwa kitanda cha shangazi yangu, hapa Chaani, Mombasa, shavu sakafuni, kishindo kikija getini. Tangu hapo wewe umekwenda kazini, umekula, umelala. Mimi bado niko uvunguni.

"Fungueni!" sauti ikaita.

Nilijua ni wao. Habari zilikuwa zimeenea tangu usiku, kutoka Kipevu mpaka Miritini: polisi wamemkamata mwenye shairi la "Sahani". Na mwenye shairi la "Sahani" ni mimi. Jina langu ni Mujahid, na anayejua maana yake tafadhali asicheke.

Niliposikia mwenye shairi amekamatwa, nilikimbia kujificha. Haikunijia akilini kwamba kama ameshakamatwa, basi hawanitafuti mimi.

Shangazi Mahfoudha hukodisha viti na masufuria ya harusi, na masufuria mengine huyaweka chini ya kitanda. Nilikuwa katikati ya mawili, kila moja la kupikia pilau ya watu mia. Nikaona miguu ya shangazi ikienda getini. Ikarudi na miguu mingine, kandambili za bluu.

Polisi hawavai kandambili, nikajiambia. Labda hawa ni wa siri.

"Shikamoo mama. Mujahid yuko?"

"Marahaba mwanangu. Yuko uvunguni."

"Afanya nini huko?"

"Asema atunga."

Nikatoka. Ningefanya nini tena? Mbele yangu alisimama Mwende, mke wa rafiki yangu Kimani, fundi wa kuchomelea wa Miritini. Mkononi alikuwa na nyundo ya mumewe. Macho yalikuwa mekundu, lakini hakuwa akilia. Alikuwa ameshamaliza hiyo kazi.

"Kimani wamemchukua," akasema. "Tangu jana saa tisa. Kesho asubuhi wanampeleka kortini. Uchochezi. Kwa sababu ya shairi."

"Shairi gani?"

"Lako, Mujahid. Usinifanye mjinga na nyundo iko mkononi."

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma, mambo ni haya. Madereva wa malori waliegesha pale Miritini, wakagoma kwa hasira. Serikali imekopa, imekopa tena kulipa ilichokopa, na sasa imeongeza tozo kwenye mafuta, kwenye mshahara, kwenye mkate, ili wananchi wailipie. Wakaniomba shairi. Nikawatungia beti kumi na mbili. Siku ya kusoma, tumbo likaniuma. Daktari wa kunithibitishia hayuko, lakini liliniuma. Basi karatasi nikampa Kimani, mwenye kifua na sauti. Beti ya kwanza waijua, maana nchi nzima yaijua:

*Mlikopa na mkala, leo mwasema lipeni,*
*Hatukuitwa mahala, mlipotia saini,*
*Wala hatukuja kula, hata ukoko chunguni,*
*Karamu mmeshaila, mwatuletea sahani!*

Sasa nina ungamo. Wiki jana nilikwambia kwamba beti ya kumi na mbili ilipeperuka, kwamba upepo wa Kipevu uliichana ncha ya karatasi. Nilikudanganya. Niliichana mwenyewe, kwa mikono hii miwili, nikiwa nimefunga mlango.

Wajua desturi yetu. Beti ya mwisho mtunzi hujitaja, jina lake na mtaa wake. Mimi nimejitaja katika mashairi ya harusi, ya maziko, hata katika lile la kumsifu paka wa jirani. Shangazi asema nikitumwa sokoni, orodha ya vitunguu naitilia jina chini. Lakini hili la deni, nilipofika "Mujahid wa Chaani," mkono ukapata akili kuliko mwenyewe.

"Alipofika mwisho akaona hakuna jina," Mwende akasema. "Si wewe ulimfundisha kwamba shairi lisilo na jina ni mtoto asiye na baba?"

"Nilimfundisha."

"Basi akalihurumia. Akalitungia beti palepale, watu wakitazama."

Akanionyesha kwenye simu. Kimani juu ya bodi ya lori, kipaza sauti mkononi, jasho shingoni:

*Ni mimi Kimani fundi, Miritini stesheni,*
*Mkitaka geti, grili, mlango, nipigieni,*
*Kazi safi, bei poa, namba yangu andikeni...*

Na akaitaja namba. Yote, tarakimu kumi, mara mbili, ili waliokosa ya kwanza wapate ya pili. Vina vya kati vyote vimekufa. Lakini umati ulivyopiga kelele, wallahi, mimi sijawahi kupigiwa hata nusu yake.

"Polisi hawakumtafuta," Mwende akasema. "Walimpigia tu. Wakamwambia wana geti limevunjika. Akaenda na mashine yake."

"Aliwatajia bei?" shangazi akauliza.

"Akawapunguzia, mama. Alisema ni wateja wapya."

Hapo, msomaji, nilipaswa kusema neno la kiungwana. Kilichonitoka kinywani ni hiki:

"Kwa hiyo watu wanadhani shairi ni la Kimani?"

Shangazi Mahfoudha alinigeuzia mgongo. Aliingia chumba cha pili, akarudi na kanzu yangu, akanitupia usoni.

"Mwenzio yuko ndani kwa maneno yako, wewe waulizia sifa? Vaa. Nenda ukaseme ni lako. Na usipokwenda, kuanzia leo mashairi yako wasomee masufuria."

Nikavaa.

*

Kituo chenyewe sitakitaja, maana katika mambo ya kutaja majina nimejifunza.

Nje ya geti palikuwa na watu mia mbili au zaidi. Makuli wa bandari ya Kipevu na vesti zao, wauza samaki, wanafunzi wa chuo, madereva. Kila mmoja na sahani yake, ya bati au ya plastiki, wakizigonga kwa vijiko.

"Sa-ha-ni! Ki-ma-ni! Sa-ha-ni! Ki-ma-ni!"

Nikasimama nikasikiliza. Kina kimekaa barabara. Nikajaribu langu moyoni: sahani, Mujahid. Halikai. Nikajaribu tena taratibu. Halikai kabisa. Ndipo Mwende akanisukuma mgongoni kwa mpini wa nyundo, tukaingia.

Ndani, kwenye kaunta, alikaa Sajini Nguma, mtu mzima mwenye mvi za masharubu na daftari kubwa.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Jina?"

"Mujahid Anwar, wa Chaani." Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima. "Nimekuja kukiri. Lile shairi la 'Sahani', aliyelitunga ni mimi."

Nikanyoosha mikono yote miwili, tayari kwa pingu.

Sajini hakuinua hata kichwa. "Wa nane," akasema, akaandika.

"Wa nane wa nini?"

"Wa nane kukiri tangu asubuhi. Wa kwanza kuli. Wa pili mama muuza samaki, asema alikuwa amemtungia mumewe, kisha akayageuza maneno yawe ya serikali. Wa tatu na wa nne ni mapacha, kila mmoja adai beti sita. Wa tano mwalimu. Wa sita dereva, huyo alitaka kulia. Wa saba ni yule pale benchini, asema alilitunga usingizini."

Wa saba akanipungia mkono. "Mimi Absalom, wa bandarini," akasema. "Nimekatwa mshahara mara nne mwaka huu, ndugu. Nikisikia shairi lile naona limetoka kwangu. Sasa nikisema ni langu nimekosa nini?"

Mtunzi mwingine angefurahi. Mtunzi mwingine angesema: alhamdulillahi, maneno yangu yamekuwa ya watu. Mimi niliona wezi saba.

"Hao wote ni waongo!" nikapaza sauti. "Mtunzi ni mimi!"

"Hata wao wamesema hivyo hivyo," Sajini akajibu. "Kwa sauti hiyo hiyo. Haya, soma."

Nikasoma. Beti kumi na moja bila kusita, mkono mmoja kiunoni. Absalom akanipigia makofi. Sajini Nguma alikuwa amefumba macho, kidole chake kikigonga kaunta.

"Beti ya saba, mstari wa tatu, nusu ya pili," akasema. "Rudia."

Nikarudia.

"Mizani saba."

"Ni nane, afande!"

"Marehemu babangu alikuwa mtunzi, kule Likoni. Alinichapa zaidi kwa mizani kuliko alivyonichapa kwa utoro. Hesabu."

Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu kwa mkono mwingine. Saba. Wallahi, saba, na shairi limeshazunguka nchi nzima.

"Mtunzi wa kweli angeliona hilo zamani," Sajini akasema. "Ondoka, kijana. Mwambie mamako umekiri, aridhike."

Hebu nionyeshe aliyewahi kufika pale. Nimeshinda hofu, nimejitoa kufungwa, na nimekataliwa kwa sababu shairi langu ni baya.

Mwende akapiga hatua mbele. "Afande, huyu ndiye. Namjua. Mume wangu hajui hata kuandika barua ya kodi ya nyumba."

Sajini akamtazama sana, halafu akatazama mlango wa nyuma, halafu akashusha sauti.

"Mama, hapa maneno hayatoshi. Karatasi tuliyomkuta nayo mumeo imechapwa saiberi, kwa kompyuta, haina mwandiko. Faili limeshakwenda kwa mwendesha mashtaka. Lakini nimeiona. Chini imechanwa, kwa mkono, kwa mshazari. Palikuwa na beti ya mwisho pale, na mtunzi hujitaja. Mwenye kipande kile ndiye mwenye shairi. Kikikaa sawasawa na karatasi, hakuna wakili atakayebisha, na mumeo amesoma tu maneno ya mtu."

"Na akikileta hapa?"

"Nikikipokea hapa, nitalazimika kuwafungia wote wawili, na kipande kinaweza kupotea kabla ya asubuhi. Sisemi mikononi mwa nani." Akafunga daftari. "Kikitolewa kesho mbele ya hakimu, watu wakiona, hakipotei. Mimi sijasema kitu. Mimi pia nina karatasi ya mshahara. Kila mwezi naosha sahani ambayo chakula chake sikukila."

Akanigeukia. "Wewe mtunzi wa nane. Unacho kipande?"

Sasa, msomaji, usinitupe. Mtu mwoga wa kawaida angekichoma. Lakini mimi ni mwoga mwenye majivuno. Ile ilikuwa beti nzuri kuliko zote kumi na mbili, na ndani yake lilikuwamo jina langu. Nilishindwa kuichoma. Nilikikunja mara nne nikakishona ndani ya kofia. Na kofia nilikuwa nimeivaa. Kipande kilikuwa utosini mwangu wakati Sajini ananiuliza, nakisikia kikinichoma kama kaa la moto.

"Kilipotea, afande," nikasema.

Sajini akatikisa kichwa.

*

Walituruhusu dakika tano. Kimani akaletwa mpaka kwenye nondo, hana viatu, mkanda wamemvua, suruali ameishika kwa mkono. Anacheka!

"Mwende! Umesikia huko nje? Wanaimba jina yangu!"

"Nimesikia," Mwende akasema. "Kimani, mwambie afande shairi ni la Mujahid. Ukisema wewe, labda utatoka."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?" nikamuuliza. "Mimi mwenyewe nimesema ni langu."

Akanivuta karibu na nondo. Alinuka moshi wa kuchomelea bado.

"Bro, hao walinishika washaniambia. Nikitaja mtu, naenda nyumbani leo, na huyo mtu analala hapa. Wewe utalala hapa? Wewe unaogopa mende, Mujahid. Nimekuona ukipanda juu ya meza."

"Alikuwa anaruka yule."

"Na kuna ingine." Kicheko kikamtoka usoni. "Mimi nimechomelea mageti hii Mombasa miaka kumi na moja. Kuna mtu ashawahi kusimama mbele ya geti akasema, hii ni kazi ya Kimani? Hata mmoja. Wanasema geti ya nani hiyo, ya tajiri fulani. Juzi nilisema jina yangu juu ya lori, na watu wakaitikia. Usiniondolee hiyo haraka haraka."

Nilikuwa nimekuja na hotuba; nikaimeza.

Mwende akashika nondo. "Na mimi, Kimani? Jina lako niliitikie nikiwa wapi? Miritini peke yangu?"

"Sitafungwa. Kesho nitajitetea." Macho yakamng'aa tena, nami nikajua balaa laja, maana nilimfahamu. "Usiku wa jana nimetunga ingine. Yangu kabisa, hakuna neno ya Mujahid ndani. Nitamsomea hakimu."

"Usimsomee hakimu kitu!" nikasema.

"Sikiza mwanzo tu. 'Ewe hakimu keti vizuri, hata hiyo kiti ni ya deni. Na mshahara unayolipwa, ni ya mkopo kutoka...'"

"Kimani!"

"Iko na beti tisa. Namba ya simu nimeweka ya Mwende, maana yangu wamechukua."

Askari akaja, akamshika mkono. Kimani akaondoka akiinua kidole juu, suruali ikishuka upande mmoja, akinong'ona mizani yake.

*

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali. Watu bado wanagonga sahani. Mwende akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akakaa chini, nyundo mapajani.

"Nimeolewa naye miaka saba," akasema. "Kimani akianza kitu hasimami katikati. Kesho akiambiwa tu 'una la kusema?' atasimama na beti zake tisa. Hakimu atamwongezea kifungo kwa kila beti."

"Nitatafuta wakili..."

"Mujahid." Hakupandisha sauti. "Afande alipokuuliza kipande kiko wapi, ulishika kofia."

Sikujua kama nilikuwa nimeishika. Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa umeishika tena.

Nimewahi kutukanwa kwa mashairi, na mimi hujibu beti kwa beti. Lile neno moja la Mwende nililijibu kwa mikono. Nilivua kofia, nikang'ata uzi, nikachomoa kikaratasi. Kilikuwa kimelowa jasho lakini herufi zilisomeka, na jina langu pale chini, kubwa kuliko lilivyostahili.

Mwende akakisoma. Akanirudishia.

"Mimi sikichukui. Nikikipeleka mimi, watasema nimekiokota njiani. Kinakwenda na mwenyewe, au hakiendi."

"Wallahi, shemeji, naapa kwa..."

"Usiape. Wewe huapa hata ukinunua nyanya. Niambie mimi, kwa maneno ya kawaida. Na useme kwa sauti, hawa wote wasikie, ili ukikimbia wajue wa kumkimbiza."

Absalom, yule wa saba, alikuwa amefukuzwa benchini, akatusikia. Akainua mkono. Vijiko vikanyamaza kimoja kimoja. Watu mia mbili wakanigeukia, simu zikainuliwa.

Hapo ndipo nikaliona gari. Jeusi, ng'ambo ya barabara, halina namba mbele wala nyuma, la namna ile ya kuchukua watu wasirudi. Kioo cha mlango wa nyuma kilishuka vidole vinne. Ndani mtu alikuwa akinitazama, naye ana simu sikioni.

Tumbo likaanza kuniuma. Safari hii kweli.

Nilitafuta kina, sikukipata. Nilitafuta mizani, ikanikimbia. Nikainua kipande juu, kila mtu akiona. Kioo cha gari kikashuka mpaka chini. Nikamgeukia Mwende, nikampa neno langu kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara:

"Shemeji, kesho saa tatu, kabla Kimani hajafungua mdomo, mimi nitakuwa nimesimama mbele ya hakimu na hiki mkononi, niseme shairi ni langu, Mujahid wa Chaani, na mumeo nitakurudishia nyumbani."